Likasi: Mji wa Kampuni Moja Unafufuliwaje?

Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba, kiwango ambacho haikukifikia tena. Leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa jumla inazalisha zaidi ya mara tano ya hapo, na imo pamoja na Chile na Peru katika safu ya mbele ya dunia. Kama wingi wa shaba ungetosha kuponya mji, Likasi, mji wa kusini-mashariki mwa nchi hiyo, ingekuwa imepona zamani. Malori yaliyojaa shaba yanaukatiza mji huu usiku na mchana kuelekea Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa, na karakana zake nyingi ziko kimya.

Sababu iko katika namna mji wenyewe ulivyoundwa. Wengi huihesabu Likasi kuwa mji wa machimbo, lakini machimbo yenyewe kwa sehemu kubwa yako nje yake: Kambove, Kakanda, Shinkolobwe. Likasi iliishi kwa kusafisha madini na kutengeneza mashine. Asiyelielewa hilo ataendelea kungoja mgodi mpya uje kuuokoa mji.

Mji ulivyoundwa

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Makazi yaliyokua hapa yalipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Mbelgiji Jean Jadot. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Humo madini yaliloweshwa katika asidi ya salfa, kisha umeme ukapitishwa katika asidi hiyo yenye shaba ili shaba safi ijishike kwenye bamba. Kazi hiyo hula umeme mwingi, na umeme ulitoka kwenye maporomoko ya mto Lufira, ambako mtambo wa Mwadingusha ulianza kufanya kazi mwaka 1930. Mawe ya chokaa yalitoka Kakontwe, na chokaa ndiyo inayotuliza asidi. Reli ilileta madini ghafi kutoka machimboni na kuondoka na shaba iliyosafishwa.

Katikati ya yote hayo zilisimama karakana kuu za Panda. Hapo chuma kilisubiwa, vyuma vikakerezwa, na vipuri vikatengenezwa kwa ajili ya viwanda vya kampuni mpaka Kolwezi. Mashine ilipovunjika kokote Katanga, Panda ndiko kulikotafutwa dawa.

Kampuni iliwabeba pia watu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 iliamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao: nyumba, posho, shule, hospitali. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, alipoandika habari za familia hizo katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliwaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Uongozi wa mji wenyewe haukulazimika kujifunza kukusanya mapato wala kuendesha huduma, kwa kuwa baba alikuwapo.

Ulivyovunjika

Serikali iliitaifisha Union Minière mwaka 1967, na miaka michache baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa muda mrefu hazina ya taifa ilichota humo bila kurudisha fedha za kutosha za kufanya upya mashine. Vita vya Angola vilifunga njia ya reli ya kwenda bandari ya Lobito kuanzia 1975. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata uporaji ukaikumba nchi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na katika Likasi maelfu yao walikaa kituo cha reli wakingoja treni. Dhuluma hiyo iliumiza familia, na pia iliondoa mafundi, makarani na walimu ambao mji ulichukua miaka mingi kuwafunza. Kufikia 1994 Gécamines ilizalisha takriban tani 30,000 tu za shaba.

Kilichokatika ni mnyororo mzima. Umeme ulipoyumba, Shituru ilipungua. Shituru ilipopungua, reli ikakosa mzigo. Panda ikakosa kazi, na mishahara ikasimama.

Dawa mbili zilizojaribiwa

Ya kwanza ilikuwa fedha mkononi. Mwaka 2003, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, na malipo yake yakafika takriban dola milioni 43. Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miaka. Fedha zilikwenda kwenye madeni, karo za shule, matibabu na biashara ndogo zilizofanana, katika mji ambao wateja wengi walikuwa wamepoteza kazi wakati mmoja. Mwaka 2009 baadhi yao walipeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo. Mkereza vyuma hodari alipewa fedha za kufungua duka, na hakuna aliyemuuliza kama angependa kuendelea kukereza.

Ya pili ilikuwa wawekezaji. Sheria ya madini ya 2002 ilifungua mlango, na kampuni za ubia zikaingia. Shituru Mining, ambamo Gécamines ina hisa pamoja na Wachina, ilijenga kiwanda chake na inatoa shaba. Hiyo ni kazi ya kweli. Lakini mtambo wa kisasa huajiri watu wachache kuliko ule wa zamani, na vipuri vyake huagizwa kutoka ng'ambo. Marekebisho ya 2018 yaliweka kwamba asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mamlaka za mtaa ambako uchimbaji unafanyika. Hapo Likasi inapunjwa na jiografia: mashimo mengi yako nje ya mipaka yake, ilhali vumbi, malori na maji machafu yako ndani.

Pa kuanzia ni Panda

Migodi ya majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba hula vyuma kila siku: mipira ya chuma ya vinu vya kusagia mawe, vipuri vya pampu zinazoliwa na asidi, roli za mikanda ya kubebea mawe. Mahitaji hayo hayakomi bei ya shaba inaposhuka, maadamu mgodi unafanya kazi. Likasi iko njiani kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na ufundi huo iliwahi kuwa nao.

Sheria ya Februari 2017 inataka kandarasi ndogo zipewe kampuni ambazo wenye mtaji mkubwa ni Wakongo. Ni sheria njema yenye pengo moja: inauliza mwenye kampuni ni nani, haiulizi kazi inafanyika wapi. Mfanyabiashara anayeagiza pampu kutoka Afrika Kusini ameitimiza bila mashine hata moja kuzunguka Panda. Pengo hilo lizibwe. Kandarasi ipimwe pia kwa saa za kazi zinazofanyika nchini, kuanzia na ukarabati, ambao unahitaji mtaji mdogo kuliko utengenezaji.

Lakini karakana ya kusubu haiishi bila umeme wa uhakika. Umeme ukikatika tanuru likiwa limejaa, chuma huganda humo ndani, na hasara ya saa moja inaweza kula faida ya mwezi. Mwadingusha ilikarabatiwa na kukamilika mwaka 2021, megawati 78, kwa fedha za mgodi wa Kamoa ulio karibu na Kolwezi, unaohitaji umeme huo. Mkataba wa namna hiyo unawezekana pia kwa ajili ya viwanda: sehemu ndogo ya umeme wa Lufira itengwe kwa Panda na Shituru, kwa laini yao wenyewe.

Mafundi waliofunzwa miaka ya 1980 sasa ni wazee. Walipwe wafundishe, wakiwa na vijana mbele ya mashine, kabla ujuzi haujazikwa nao.

Uganda inatupa mfano wa karibu. Kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, kilianguka baada ya wamiliki wake, familia ya Madhvani, kufukuzwa mwaka 1972. Familia hiyo iliporudi mwaka 1985 ilikijenga upya, na maelfu ya wakulima wa jirani wakawa wanakiuzia miwa yao. Kiwanda kilichukua bidhaa za wengi, na kwa njia hiyo fedha ikatawanyika.

Zambia nayo inatuonya. Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994, na sumu ya risasi ingali katika udongo ambao watoto wanachezea. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mwilini. Kusafisha udongo na maji ya Likasi ni kazi ya mikono mingi: iwe sehemu ya ajira ya kwanza, isingoje faida ipatikane.

Serikali ya jimbo, Gécamines na migodi mikubwa inaweza kuanza na jambo moja mwaka huu: kutangaza hadharani orodha ya vipuri na matengenezo yanayonunuliwa nje, pamoja na bei zake. Orodha hiyo ikiwekwa mezani, vijana wa Likasi wataona kazi yao iko wapi, na viongozi watakosa sababu ya kusema haipo.