Mashine Inayokubali Kufunguliwa

Mwaka 1961 kampuni ya La Pavoni ya Milano ilitoa mashine ndogo ya kahawa ya nyumbani na kuiita Europiccola. Mwili wake ni boila la shaba lililopakwa kromu, lisilofikisha hata lita moja ya maji, na mbele yake kimechomoza kichwa chenye pistoni na mkono mrefu. Haina pampu, haina springi. Anayetaka espreso huinua mkono, maji ya moto yakaingia juu ya kahawa, kisha huushusha kwa nguvu zake mwenyewe. Umbo hilo halijabadilika sana mpaka leo, ndiyo maana mashine za miaka ya 1970 bado zinauzwa, zinafunguliwa na kufufuliwa.

Wazo la pistoni lilitangulia. Mashine za mwanzo, kama ile ambayo Luigi Bezzera aliipatia hataza mwaka 1901, zilitegemea mvuke kusukuma maji: presha haikuwa kubwa, na joto kali liliunguza kahawa. Achille Gaggia, naye wa Milano, aliandikisha mwaka 1938 njia ya kuacha mvuke upashe maji moto tu, msukumo utoke kwingine. Baada ya vita zikaja mashine zake za mkono zenye springi. Presha ikapanda hadi bar 8 au 9, na juu ya kikombe likaonekana povu zito la rangi ya dhahabu. Povu hilo huwa zito zaidi kahawa ikichanganywa na robusta.

Lakini ustadi unaostahili sifa zaidi hufanyika mashine ikiwa baridi na waya umechomolewa ukutani. Hapo hakuna harufu nzuri wala wageni wa kusifu. Kuna bisibisi, kitambaa, brashi ya nailoni na mtu mwenye subira.

Kwanza ni maji. Wakazi wa Pwani wanaochemsha maji ya visima vya mawe ya matumbawe wanaujua ule ukoko mweupe wa chokaa unaoganda ndani ya birika. Ndani ya boila ukoko huo huo hufunika koili ya umeme, ukaizuia kutoa joto lake vizuri, na mapande yake huziba matundu membamba. Dawa yake ni asidi sitriki, gramu 20 hadi 30 katika lita moja ya maji ya uvuguvugu. Chokaa hutoa mapovu, huyeyuka, kisha boila husuuzwa tena na tena hadi maji yatoke hayana ladha ya uchachu. Haraka hapa ni hasara, maana asidi iliyosahaulika ndani usiku kucha hula shaba yenyewe.

Kisha kichwa. Hiki kimeshikwa kwenye boila kwa bolti mbili. Pini zikitolewa, mkono huachia. Nati ya juu ikilegezwa na wavu wa chini ukibanduliwa, pistoni husukumwa ikatokea chini. Imevaa sili mbili za mpira, na midomo yake haitazami upande mmoja: ya juu hutazama juu kuzuia maji ya boila, ya chini hutazama chini kushika presha inayokandamiza kahawa. Anayezifunga kinyume atapata mashine inayovuja papo hapo. Sili iliyozeeka hujulikana kwa kuishika: mdomo umelala, mpira umekakamaa, na vidole vinabaki na weusi usiotoka kwa sabuni mara moja. Nyuma ya wavu mna utando wa kahawia wa mafuta ya kahawa yaliyochacha. Ni huo unaoharibu ladha, huku mwenye mashine akilaumu buni.

Ndiyo maana mashine kuukuu ni shule bora kuliko mpya. Pini zilizolika upande mmoja zinaeleza kwamba aliyetangulia hakuwahi kupaka grisi. Mkono unaozama kama unakanyaga tope unaeleza habari za sili. Maji yanayochuruzika kandokando ya kishikio cha kichujio yanatokana na gasketi iliyogeuka ngumu, si na uzembe wa kukaza. Fundi makini huanza kwa kusoma dalili hizi, ndipo ashike spana.

Sili mpya hupakwa grisi ya silikoni inayofaa kwa vyombo vya chakula, kidogo tu. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi kwenye joto, na grisi ya gari haina nafasi mdomoni mwa mtu.

Mashine ikishafungwa, hujaribiwa kwa maji matupu. Inapopata moto, hewa iliyonaswa ndani huipandisha presha kabla maji hayajafikia joto linalotakiwa, kwa hiyo bomba la mvuke hufunguliwa kwanza kuitoa hewa hiyo. Bomba hilo lina dai lake la kila siku: baada ya kuchemshia maziwa lifutwe na kupulizwa papo hapo, kwa sababu boila linapopoa huvuta, na maziwa yaliyobaki ncha ya bomba huenda yakaingia ndani, na boila zima likahitaji kuoshwa upya.