Pongezi kwa Chuo cha Łódź

Mwongozaji wa filamu Krzysztof Kieślowski aliomba nafasi katika Chuo cha Filamu cha Łódź, nchini Poland, akakosa. Akarudi, akakosa tena. Wakati akisubiri, alifanya kazi ya kuwavisha waigizaji nguo katika jumba la maonyesho huko Warsaw. Mara ya tatu, mwaka 1964, akapokelewa. Nakipongeza chuo hiki, kilichoanzishwa mwaka 1948, kwa kumwachia njia ya kurudi.

Tena kikampa kamera, akaenda nayo kwenye ofisi ya pensheni. Filamu yake ya uanafunzi, Urząd (yaani Ofisi), ya mwaka 1966, ni ya dakika chache tu: watu wamepanga foleni dirishani, karani anadai karatasi hii na ile, na mwishoni tunaona rafu zimesheheni mafaili huku sauti ikirudia kumtaka mtu aeleze amefanya nini maisha yake yote. Aliyewahi kufuatilia mafao ya mzazi wake ataitambua foleni ile mara moja.

Na filamu walizotazama, wanafunzi walizijadili wakiwa wamekaa kwenye ngazi za chuo, bega kwa bega, wa zamani na wapya.