Hongera, Hamali wa Laini Saba, Kibera

Lori la kampuni, lililotoka ghalani Eneo la Viwanda tangu alfajiri, hukomea inapokoma barabara. Na kutoka hapo amana yote, kreti za soda na mabunda ya unga, humwangukia hamali wa mkokoteni, asiyehitaji ramani, na ambaye anwani kwake ni jina la mama mwenye duka. Wasimamizi husifu tarakilishi zao. Kwa insafu, sifa ya kwanza ni yake. Hukaza shehena kwa mpira wa tyubu kuukuu, hushuka mteremko akiegemea nyuma, akiita “Kando! Kando!”, hungoja garimoshi la Kibera lipite, hupokea malipo kwa M-Pesa, kisha huhesabu chupa tupu moja moja kabla ya kuzirejesha lorini.