Kamera Upande wa Wagomaji
Wapo wanaodai kwamba filamu ya hali halisi haina budi kusimama kando ya mapambano. Hatukubaliani nao. Barbara Kopple, mtengeneza filamu wa kujitegemea, alitoa "Harlan County USA" mwaka 1976 baada ya kuishi na wachimba makaa ya mawe wa Brookside, Kentucky, Marekani, waliogoma 1973 wakidai mkataba wa chama chao. Akizungumzia kazi hiyo, ameeleza kwamba siku nyingine kamera ilishikwa bila mkanda ndani kwa ukosefu wa fedha. Vibaraka wenye bunduki hawakulijua hilo, wakasita (ingawa alfajiri moja walimshambulia yeye na mpiga picha wake).

Wala hakuna msimulizi wa kutufasiria. Wake wa wachimbaji, walioshika zamu za mgomo mahakama ilipowabana waume zao, wanabishana wenyewe mbele yetu. Hapo ndipo penye ustadi wake. Lakini filamu inapohamia kwenye mkataba wa taifa wa 1974, wanawake hao wanafifia. Tena inawaonyesha wakubwa wa Duke Power bila kuuliza kwa nini mgodi uwe mali yao.