Mguu wa Uyoga

Mvua za Desemba zikishakolea, barabara zinazotoka Tabora mjini hupata soko jipya: ndoo na mabeseni ya uyoga kando ya lami. Sisi wanunuzi hutazama rangi, tukauliza bei. Mchumaji ameshatazama mengi zaidi, na hayo ndiyo niliyotaka kuyaona nilipoomba kufuatana na mama mmoja aliyeanza kwenda porini kabla ya kuanza shule.

Nilidhani atatembea ameinama. Kumbe alikuwa akitazama juu, akitafuta miyombo, kwa kuwa uyoga wa njano aliokuja kuuchuma hauoti mbali na mizizi ya miti hiyo. Nyuzi zake zimejifunga kwenye mizizi. Mti huupa sukari, nao huuletea mti maji na madini. Miyombo ikifyekwa kupisha tumbaku, uyoga huo nao hutoweka. Alipoupata aliupindua. Chini ya kofia hapakuwa na vijikurasa vyembamba kama vya uyoga mwingine, bali mikunjo minene, butu, inayoteremka hadi kwenye shina. Akaunusa, akautia kikapuni.

Kwenye kichuguu alipunguza mwendo. Humo mchwa ndio wakulima: hutafuna majani makavu na vijiti, wakaotesha juu yake kuvu ambayo ndiyo chakula chao. Mvua ikilainisha ardhi, kuvu hiyo hupandisha uyoga. Sikuwahi kujiuliza unapenyaje udongo mgumu namna ile. Mama alinionyesha: kofia ikiwa changa ina ncha katikati, na shina halikomi juu ya ardhi, linaendelea chini kama mzizi mrefu hadi kwenye bustani ya mchwa. Aliuchimbua kwa kijiti, taratibu, mpaka mzizi ukatoka mzima. Uyoga mmoja ulimchukua dakika kadhaa, na kwangu mimi ufundi wenyewe ulikuwa hapo.

Maana mimi nilikwenda na kisu. Nilikata mashina matano kwa mkupuo mmoja, nikampelekea kwa fahari.

"Mguu wake uko wapi, mwanangu?"

"Nimeuacha ardhini, mama."

Akautupa wote, bila hasira. Chini ya shina, ndani ya udongo, ndiko hujificha kikombe, yaani mabaki ya kifuko kinachoufunika uyoga wa jamii ya Amanita ukiwa mchanga, na baadhi ya jamii hiyo huua. Anayekata juu ameacha ushahidi nyuma. Wala kikombe peke yake si hukumu: katika miyombo ya Zambia na Malawi upo uyoga wa jamii hiyohiyo unaoliwa na kuuzwa sokoni, na wanaoula wanaujua kwa alama nyingine. Ndiyo maana sina subira na kanuni za mkato, kwamba ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba moto humaliza kila sumu. Amatoksini haiharibiki kwa kuchemshwa, na dalili zake huweza kuchelewa kwa saa 6 hadi 24, ini likiwa limeshaanza kudhurika.

Wanasayansi huuliza maswali yaleyale ya mama: umeota wapi, karibu na mti gani, unanukaje, chini ukoje. Wao huongeza moja, rangi ya unga wa mbegu. Unakata kofia, unailaza juu ya karatasi nyeupe, unaifunika kwa bakuli hadi kesho yake. Uyoga wa kichuguu huacha unga wa rangi ya waridi.

Nilikuwa na uyoga wa kujaribia. Asubuhi, kabla hatujaondoka, nilikuwa nimeng'oa mmoja kwenye majani ya ua wa nyumba ya wageni: mkubwa, mweupe, wenye pete shingoni na vijikurasa vyeupe. Kwa macho yangu ulikuwa ndugu wa ule wa kichuguu. Mama aliushika, akautazama chini, akaona hauna mzizi.

"Huu siujui," akasema, akanirudishia.

Hakusema una sumu. Usiku ule niliilaza kofia yake juu ya karatasi. Kulipokucha nikafunua bakuli: unga ulikuwa wa kijani. Ni uyoga unaowatapisha na kuwaharisha watu saa chache baada ya mlo, na huota kwenye bustani za mijini kote katika nchi za joto.