"Kuziba", "Kuzibua" na "Uthabiti": Uhakiki wa Istilahi za Ugonjwa wa Ateri za Moyo

Istilahi haina kazi ya kutaja kitu tu. Humwelekeza msomaji pia aone jinsi kitu hicho kinavyofanya kazi. Istilahi ikipotoka, uamuzi unaotokana nayo hupotoka vilevile. Katika makala haya tutachunguza istilahi nne zinazotumika katika maandishi ya Kiswahili kuhusu ugonjwa wa ateri za moyo na picha zinazopigwa ili kuongoza matibabu yake.

Tuanze na "kuziba". Ateri za korona zilipewa jina hilo kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji, kwa kuwa zinauzunguka moyo mfano wa taji kichwani. Mafuta yanapojikusanya katika kuta zake, njia ya damu hupungua. Magazeti yetu huandika kwamba mishipa ya mgonjwa "imeziba" na kwamba "imezibuliwa". Lakini katika Kiswahili, kilichoziba hakipitishi kitu, na dawa yake ni moja tu: kuzibuliwa. Wagonjwa wengi tunaowazungumzia hapa hawajafikia hali hiyo. Ateri zao bado zinapitisha damu, ila zimefinyika.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Tangu Andreas Grüntzig alipopanua ateri ya moyo kwa puto huko Zürich mwaka 1977, watu wengi waliamini kwamba kila penye ufinyu pafaa kupanuliwa. Utafiti wa COURAGE, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao hali yao haibadiliki ghafla, kupanua ateri na kuweka stenti hakukupunguza vifo wala mashambulio ya moyo kuliko dawa bora peke yake. Utafiti wa ISCHEMIA, wenye wagonjwa 5,179, ulitangazwa mwaka 2019 na kuelekea huko huko, ingawa waliokuwa na maumivu ya kifua ya mara kwa mara walipata nafuu zaidi kwa kupanuliwa. Kwa upande mwingine, katika shambulio la moyo bonge la damu huweza kuiziba ateri kabisa kwa ghafla. Hapo kuzibua upesi huokoa maisha. Basi hali ni mbili, na sisi tumezipa neno moja. Mgonjwa akishaambiwa kwamba mshipa wake umeziba, daktari anayemwandikia vidonge ataonekana kama fundi aliyekataa kuzibua bomba.

Istilahi ya pili ni "upungufu wa damu moyoni", inayotumika kueleza iskemia. Tayari "upungufu wa damu" ni jina la ugonjwa mwingine, yaani anemia. Msomaji ataelewa kwamba anahitaji kula mboga za majani au kuongezewa damu, na hali damu yake yaweza kuwa tele; lililopungua ni lile fungu linaloufikia msuli wa moyo. Yafaa tuseme "iskemia", na mara ya kwanza tueleze: uhaba wa damu inayofika katika msuli wa moyo.

Ya tatu ni "thabiti". Wafasiri wameandika "ugonjwa thabiti wa ateri za moyo". Kwetu, kilicho thabiti ni imara na cha kutegemewa: imani thabiti, msimamo thabiti. Ugonjwa thabiti basi ama ni ugonjwa uliokita mizizi, ama ni ugonjwa usio na hatari, na maana zote mbili zapotosha. Wataalamu wenyewe wamelikimbia neno lao la asili: Jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya moyo mwaka 2019 iliacha kuuita ugonjwa huu tulivu, ikachagua jina lenye maana ya hali sugu, kwa kuwa ugonjwa huendelea hata pasipo dalili. Kiswahili kinalo neno "sugu", ambalo wauguzi na wagonjwa hulitumia kila siku. Tukilishika, tutakuwa tumekwenda na elimu ya sasa.

Ya nne ni "picha ya moyo". Jina hili ni jema, lakini limebeba mambo mawili. Iko picha inayoonyesha umbo, kama ile ya tomografia ya kompyuta inayochora ateri na ufinyu wake. Na iko picha inayoonyesha kazi, yaani kama msuli unapata damu ya kutosha moyo ukitaabishwa kwa mazoezi au dawa. Ufinyu waweza kuonekana bila iskemia. Mwandishi anayesema "picha imeonyesha tatizo" hajasema lolote. Tunapendekeza "picha ya umbo" na "picha ya kazi".

Hata neno "kuongoza" lataka uangalifu, maana picha haiongozi kwenye chumba cha upasuaji tu. Katika utafiti wa SCOT-HEART wa Uskoti, wenye wagonjwa 4,146 wa maumivu ya kifua, nusu yao waliongezewa picha ya umbo. Baada ya miaka 5, waliokufa kwa ugonjwa huo au kupata shambulio la moyo walikuwa asilimia 2.3 kati yao, na asilimia 3.9 kati ya wengine. Kupanuliwa ateri hakukuzidi sana upande wowote. Kilichozidi ni dawa za kinga. Picha pia humfichua mwenye ufinyu mkubwa katika shina la ateri ya kushoto, ambaye kwake dawa peke yake hazitoshi.

Watakuwapo watakaosema kwamba "kuzibua" kumekwisha enea na hakung'oki tena. Hatutaki kukung'oa. Tunataka kubaki mahali pake, kwenye ateri iliyoziba kweli. Kwa nyingine tuseme "ufinyu" na "kupanua". Mwalimu, mfasiri na mwandishi wa vipeperushi wakishika mpaka huo, mgonjwa atakayepewa vidonge atajua kwamba ametibiwa, wala hakunyimwa tiba.