Usukani Unaoelea: Skrubu ya Boksi Iguswe Mwisho

"Inaelea," mama mwenye pikapu aliniambia huku akinipa ufunguo. "Fundi ameshakaza mara mbili, lakini inarudi tu."

Nililielewa neno lake nilipokuwa nikiteremka kutoka Kiboswa kwa barabara ya Kakamega, nikapita Riat kuelekea makutano ya Mamboleo. Lami ilikuwa kavu na hapakuwa na upepo wa kutaja, lakini mikono yangu haikutulia. Nikiugeuza usukani kidogo, pikapu haikujali. Nikiongeza kidogo tena, iliitikia kwa pupa kupita nilivyotaka, nami nikalazimika kuirudisha. Halafu pale makutanoni nilikata kona, nikaulegezea mkono usukani ujirudie wenyewe kama kawaida ya usukani mzima. Haukurudi. Ulibaki umepinda mpaka nilipourudisha kwa nguvu.

Dalili hizo mbili zikikutana, zina habari ya kusimulia. Usukani unaocheza kwenye njia nyoofu na kukaza kwenye kona ni usukani ambao mtu amekwisha kuutibu, na ameutibu mahali pasipouma.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya miaka ya 1990, ya dizeli, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na usukani wake ni wa nguvu za mkono, hauna pampu ya kuusaidia. Kazi yake ni kubeba mchele kutoka Ahero, kuuleta Mamboleo, na siku za soko kuupandisha hadi Chavakali. Anayezijua njia za mashambani kule Kano, ilipo Ahero, anaujua ule udongo mweusi: wakati wa mvua unang'ang'ania kila kitu chini ya gari, na jua likiwaka unakuwa mgumu kama saruji. Na kwa kuwa pikapu ni gari la biashara, ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ulikuwa unakaribia. Mama hakutaka kurudishwa nyumbani kwa aibu. Mimi nilikuwa na wasiwasi na ule mteremko wa Riat kuliko ukaguzi.

Kabla ya kufungua chochote, tulipima. Tuliegesha mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele, tukafunga uzi kwenye ukingo wa usukani na kuweka rula karibu yake. Kijana mmoja akaugeuza usukani polepole kwa kidole mpaka tairi la mbele likaanza tu kusogea, kisha akaurudisha upande wa pili mpaka likaanza tena. Umbali wa katikati ndio mchezo wa usukani. Vitabu vya ufundi vya Toyota huweka ukomo wa milimita 30. Sisi tulipata 90.

Hebu tuiweke namba hiyo barabarani. Mzingo wa usukani wa ukubwa ule ni karibu sentimita 120, kwa hiyo milimita 90 ni kama digrii 27 za mzunguko. Boksi la usukani la gari la aina hii hugawanya mwendo huo kwa takriban 20. Inabaki zaidi ya digrii 1 ya tairi ambayo haina mwenyewe: dereva ameshika usukani, lakini tairi linakwenda linakotaka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Tairi likikengeuka digrii 1 na kuachwa hivyo kwa sekunde hiyo moja, gari linahama karibu mita moja na nusu kando. Kwenye barabara ya Kakamega, yenye malori na bodaboda pande zote, mita moja na nusu ni uhai wa mtu.

Sasa mchezo huo unatoka wapi? Ufuate usukani kwenda chini. Mhimili wake unashuka hadi kwenye kiungo cha kuunganisha, kisha unaingia kwenye boksi. Ndani ya boksi kuna skrubu nene inayosukuma nati kwa kupitia golori zinazozunguka kwenye mifereji yake, na nati hiyo inaugeuza mhimili mfupi uliofungwa mkono wa chuma ambao mafundi wanauita pitmani. Pitmani inasukuma rodi ya kati, iliyolala chini ya injini kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili. Kwa kuwa boksi liko kulia, ncha ya kushoto ya rodi hiyo inahitaji kitu cha kuibeba. Kitu hicho ni aidla, mkono mwingine uliofungwa kwenye chesisi. Kutoka rodi ya kati zinatoka tairodi mbili, moja kwa kila gurudumu, kila moja ikiwa na endi mbili. Ongeza boli jointi za juu na za chini, ongeza beringi za magurudumu, na maungo yanayoweza kulegea yanapita kumi na mawili. Kila moja likilegea milimita moja tu, dereva anaipata jumla yake mikononi.

Wengi wetu tulijifunzia kwenye Peugeot 504, na hapo ndipo mkanganyiko mwingine unapoanzia. Ile inatumia reki, yaani fimbo yenye meno: haina boksi la namna hii, haina pitmani, wala haina aidla. Fundi aliyezoea 504 akiingia chini ya Hilux anaweza kuipita aidla bila kuisalimia.

Tulitafuta hivi. Magurudumu yalibaki chini, yamebeba uzito wake. Hili ni muhimu, maana ukinyanyua gari kwanza unaviondolea viungo mzigo, na kilicholegea kinaweza kujificha. Kijana aliketi kwenye kiti cha dereva akawa anautikisa usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, bila kuacha. Fundi wetu alijilaza juu ya katoni iliyokunjuliwa na kuanza kushika viungo, kimoja baada ya kimoja, kidole gumba upande huu wa kiungo na vidole vingine upande wa pili. Jicho linaweza kudanganywa na tope na kutu. Vidole huhisi upande mmoja ukitangulia na mwingine ukichelewa.

Kiungo cha mhimili juu ya boksi kilikuwa na bolti iliyolegea, ikakubali robo ya mzunguko wa spana. Boksi lenyewe lilikuwa limeshika vizuri kwenye chesisi, na chesisi haikuwa na ufa mahali pale. Pitmani ilikuwa nzima. Tairodi ya kulia nzima. Tairodi ya kushoto, endi ya nje, ilikuwa imechanika mpira wake, na ndani badala ya grisi kulikuwa na udongo wa Kano uliokauka. Fundi alipouchokoa kwa bisibisi ulitoka vipande vipande kama gamba la chungu.

Kisha akafika kwenye aidla, akanyamaza.

"Mzee, njoo ushike mwenyewe."

Niliingia chini, nikashika mkono wa aidla karibu na rodi ya kati, nikausukuma juu. Ukapanda. Nikauachia, ukashuka. Mwendo wake ulikuwa unene wa kidole changu kidogo, na ulipoanguka ulitoa mlio mdogo wa chuma kwa chuma, kama kifuniko cha sufuria kikiwekwa vibaya. Aidla imeumbwa kuzunguka kwa ulalo tu, na haitakiwi kupanda wala kushuka kwa namna ile. Bushi za ndani zilikuwa zimekwisha kabisa.

Hapo ndipo habari yote ilipofunguka. Aidla ikipanda, ncha ya kushoto ya rodi ya kati inapanda nayo, pembe ya tairodi inabadilika, na tairi la kushoto linageuka bila usukani kuguswa. Kila shimo, kila kona ya lami iliyomeguka, ilikuwa inaiendesha pikapu ile badala ya dereva. Nilipitisha kiganja juu ya tairi la kushoto, kutoka nje kwenda ndani, likawa laini. Nilipokirudisha kutoka ndani kwenda nje, kingo za meno yake zikakwaruza ngozi kama msumeno. Tairi linalolika hivyo limekuwa likiburutwa upande kwa muda mrefu.

Ndipo tukanyanyua. Jeki iliwekwa chini ya mkono unaobeba springi, ili boli jointi zipumue, na mawe mawili mazito yakazuia magurudumu ya nyuma. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni boli jointi. La kushoto lilicheza kidogo na likatulia breki ilipokanyagwa, kwa hiyo beringi ikakazwa, kazi ya dakika chache.

Na boksi? Kwenye kifuniko cha boksi kuna skrubu ya kubana meno ya ndani, yenye nati ya kuifungia, na nati ile ilikuwa inang'aa kwa alama mpya za spana. Huko ndiko kulikokazwa mara mbili. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeliona katika gereji nyingi: usukani ukilegea, mtu anakimbilia skrubu kwa kuwa inafikika bila kulala chini, na mteja anausikia usukani umekuwa mzito, anafurahi, analipa. Lakini meno ya boksi hubanana zaidi pale katikati, gari linapokwenda moja kwa moja, na hapo hapo ndipo yanapolika, maana ndipo yanapokaa muda mwingi. Ukikaza mpaka mchezo wote wa katikati ufe, kumbe sehemu kubwa yake ilitoka kwenye aidla, meno ya pembeni ambayo hayajalika yanagongana kwa nguvu. Usukani unakwama kwenye kona na unakataa kujirudi. Ukiendelea hivyo, golori zinachimba mifereji yake na boksi linakufa.

Ukarabati ulichukua mchana mmoja. Aidla ilibadilishwa nzima. Kuitia bushi za kuchonga kwenye gari linalobeba magunia ya mchele ni kuahirisha tatizo. Kwa endi ya tairodi, fundi alipima kwanza kwa futi kutoka kitovu cha endi moja hadi kitovu cha nyingine, akaweka alama ya rangi, na wakati wa kuitoa akahesabu mizunguko: 17. Mpya ikaingia mizunguko 17.

Kuna jambo alilolifanya ambalo ningependa kila kijana wa gereji alione. Pini ya endi hushikwa na tundu lililochongwa kwa mshazari, na ikikaa miaka haitoki kwa kuvutwa. Wapo wanaoipiga nyundo kwenye ncha yake mpaka nyuzi zinavimba. Yeye alichukua nyundo mbili, akaegemeza nzito upande mmoja wa jicho la mkono wa chuma wa gurudumu, akapiga upande wa pili mara tatu kwa nguvu. Jicho likashtuka, pini ikadondoka yenyewe, na mpira wa kiungo cha jirani haukuguswa. Wakati wa kurudisha alifuta tundu likakauka kabisa, bila grisi hata kidogo, kwa sababu kinachoishika pini pale ni msuguano wa chuma kwa chuma. Nati yenye meno kama taji ikakazwa. Tundu la pini ya kufungia lilipokosa kulingana na taji, aliongeza kukaza, hakulegeza.

Upande wa kulia tulikuta msumari uliokunjwa mahali pa pini ya kufungia. Msumari! Ukikatika, nati inafunguka taratibu, tairodi inaanguka, na gurudumu moja linageukia linakotaka. Pini mpya ni kitu cha bei ndogo sana dukani Kibuye.

Mwisho kabisa ndipo tukalirudia boksi. Magurudumu yalikuwa hewani, fundi akahesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho, akagawanya kwa mbili, akauweka katikati kamili. Alilegeza nati, akairudisha skrubu nyuma, kisha akaikaza kidogo kidogo, kila mara akiutikisa usukani, mpaka mchezo ukaisha na hapo hapo akasimama. Aliishika skrubu kwa bisibisi isizunguke wakati nati inafungwa. Baada ya hapo akauzungusha usukani mwisho hadi mwisho akisikiliza kama kuna mahali panapokaza. Hapakuwapo.

Magurudumu tuliyanyoosha kwa uzi na chaki, kipimo cha mbele na cha nyuma ya matairi, ili tu pikapu ifike mjini salama kwenye mashine ya alainmenti. Kubadilisha tairodi bila alainmenti ni kuyatoa matairi sadaka.

Tulipima tena kwa uzi ule ule na rula ile ile: milimita 20. Nilipanda nayo hadi Kiboswa na kushuka nayo, ikiwa na magunia kumi nyuma. Pale makutano ya Mamboleo nilikata kona nikaufungua mkono, na usukani ukajirudi wenyewe.

Msomaji, kama una pikapu ya miaka hiyo na usukani wake umeanza kuelea, usikubali kuambiwa tu kwamba umekazwa. Lala chini pamoja na fundi, akuwekee mkono wako kwenye kiungo kinachocheza, kabla hajaigusa skrubu ya boksi.